Vijana wangu wanataka kuchana na kucheza breki: nianzie wapi?

Swali: Mimi ni mfanyakazi wa kujitolea katika kituo kidogo cha vijana Kitangiri, Mwanza. Tunao kama 25, wa miaka 12 hadi 19. Wengi wameacha shule, wengine hushinda mwaloni Kirumba wakibeba ndoo za samaki, na wachache hulala huko huko. Kila tukiwafanyia semina ya stadi za maisha wanasinzia. Wiki mbili zilizopita mmoja alikuja na spika, wakaanza kucheza breki (densi ya hip hop) na kuchana (kurap), na hakuna aliyeondoka mpaka jioni. Nataka jambo hili lidumu, lakini wazazi wanasema ni uhuni, mwenyekiti wa mtaa ana wasiwasi na mfadhili wetu anauliza matokeo yatakuwa yapi. Fedha hatuna. Je, hip hop inasaidia kweli? Nianzie wapi?

Jibu:

Dada yangu wa Kitangiri,

Kabla ya lolote, mtafute huyo kijana aliyeleta spika. Muulize aliipata wapi, huichaji kwa nani, nyimbo zimo kwenye simu ya nani. Usimtajie mradi bado. Nimeona vituo zaidi ya kimoja vikiua kitu cha namna hii ndani ya mwezi mmoja. Vijana wameanza wenyewe, wakubwa wamependezwa, kesho yake kuna daftari la mahudhurio, bango la mfadhili ukutani na mwalimu wa kukodi asiyejua jina la mtu hata mmoja. Vijana wakarudi kijiweni kwao, na spika wakaondoka nayo. Huyo mwenye spika ndiye mwalimu wako wa kwanza, hata kama ana miaka 15 na kuandika kunamshinda.

Sasa swali lenyewe. Inasaidia, ila si kwa namna inavyosemwa kwenye semina. Sijawahi kuona biti (mdundo wa muziki) ikimwachisha mtoto kuvuta gundi. Nilichokiona mara nyingi ni mtoto asiyefika popote kwa wakati, lakini Jumanne anafika saa tisa na nusu kwa sababu wenzake wanafika saa kumi, naye anataka kujaribu mzunguko wake kabla hawajamwona akianguka. Ndani ya nusu saa hiyo utajua kama amekula, utauona mkono uliovimba, utasikia kwamba bibi yake amelazwa Bugando. Muziki umemleta. Kumsaidia ni kazi yako wewe, na hufanyika pembeni, wakati wa kukunja maboksi na kunywa uji.

Lakini nisiushushe muziki sana. Kuna kitu ndani ya mchezo wenyewe ambacho sijakipata kwenye mpira wala kwaya, nacho ni duara. Watu wanasimama ukingoni, mmoja anaingia katikati, anacheza sekunde thelathini au arobaini, anatoka, anaingia mwingine. Kwa mtoto wa mtaani hizo ni sekunde za nadra: watu ishirini wanamtazama na hakuna anayemfukuza. Humo ndani unaweza kumshambulia mwenzako kwa miguu, kwa macho, kwa kejeli, ila ukimgusa umeshindwa. Kanuni hiyo wachezaji wa breki hawakuhitaji kuletewa na shirika.

Waliitoa mbali. Bronx, New York, mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa na magenge mtaa hadi mtaa na majengo yaliyokuwa yakiungua. Desemba 1971 kijana aliyejulikana kama Black Benjie, wa kundi la Ghetto Brothers, alikwenda kusuluhisha ugomvi, akauawa. Wenzake walikuwa na kila sababu ya kulipiza. Badala yake, tarehe 8 mwezi huo, viongozi wa magenge walikutana katika klabu ya vijana Hoe Avenue wakakubaliana kusimamisha vita. Amani haikuwa kamili, lakini kijana aliweza tena kuvuka mtaa wa wenzake kwenda kucheza muziki. Kisha tarehe 11 Agosti 1973 binti mmoja, Cindy Campbell, akaandaa disko katika ukumbi wa jengo lao, namba 1520 Sedgwick Avenue, apate hela ya nguo za kwendea shule. Wasichana walilipa senti 25, wavulana senti 50, na kaka yake, DJ Kool Herc, ndiye aliyepiga santuri. Siku hiyo huhesabiwa kuwa ya kuzaliwa kwa hip hop. Napenda kuwasimulia wazazi kisa hiki kwa ajili ya zile nguo za shule, maana wengi hudhani mambo haya yalianzia baa.

Hao wazazi usibishane nao kwa nadharia. Wewe uko Usukumani, una silaha ambayo mimi sina. Mzee akikwambia kushindana kwa kucheza ni uhuni wa Wazungu, muulize kwa upole kama amewahi kwenda Bulabo, sherehe ya ngoma za Wasukuma kule Bujora, Kisesa. Mwezi wa Juni makundi mawili ya wachezaji, Wagika na Wagalu, wanakabiliana uwanjani, kila upande na manju (kiongozi wa ngoma) wake, nyimbo za kujisifu na za kumchoma mpinzani, hata chatu hutolewa, na anayevuta umati mkubwa ndiye mshindi. Mimi ni mtu wa Pwani. Mara ya kwanza nilipopelekwa kule nilicheka peke yangu: hili ni pambano lile lile la breki, ila wenzetu wana dawa. Hata sisi Pwani babu zetu walikuwa na ngoma ya beni na vikundi vyake, Marini na Arinoti, wakipingana kwa sare na maandamano na karamu zilizowaachia madeni. Ngoma ya mashindano si mgeni hapa.

Wakishacheka, sikiliza hofu yao ya kweli, kwa sababu ipo. Wanaogopa matusi, bangi, na binti kurudi usiku. Hofu hizo zina haki, na jibu lake ni ratiba na kanuni. Maliza saa kumi na mbili kasoro, kabla giza halijaingia. Mwenye dalili za kulewa haingii kwenye duara siku hiyo, lakini uji wake anakunywa na wiki ijayo anakaribishwa. Kanuni za matusi waandike vijana wenyewe. Mara nyingi huwa wakali kuliko wewe. Ila tofautisha tusi na hasira. Kijana akichana kuhusu mgambo aliyemwaga karanga zake, muache amalize. Ukimtaka aimbe tu kuhusu usafi wa mazingira na umuhimu wa elimu, utapata nyimbo ambazo hata yeye hazisikilizi.

Kisha waalike wazazi, na uwaalike kwenye mazoezi ya kawaida, si kwenye onyesho. Mama anayemwona mwanawe akifagia ukumbi kabla ya kucheza huwa hahitaji kuhubiriwa.

Ukitaka mfano wa jirani, tazama Kampala. Mwaka 2006 mchezaji Abramz Tekya alianzisha Breakdance Project Uganda, madarasa ya bure ambayo ada yake ni moja: ulichojifunza umfundishe mwenzako. Mtoto anayejua hatua tatu anamfundisha anayejua mbili. Hilo linafanya mambo mawili kwa mpigo. Linakupunguzia gharama ya walimu, na linamgeuza aliyezoea kuitwa mzigo kuwa mtu anayesubiriwa. Nairobi nako, mchanaji Juliani aliyekulia Dandora, mtaa wenye jalala kubwa la jiji, alirudi na kuanzisha Dandora Hip Hop City. Cha kujifunza kwa wote wawili ni kwamba mlango haukuandikwa "kwa watoto wa mitaani". Waingize na wanafunzi wa sekondari ya jirani, na mwendesha bodaboda anayejua kucheza. Kituo cha "wenye shida" pekee humkumbusha mtoto shida yake kila anapoingia.

Sasa tushike kazi. Siku mbili kwa wiki zinatosha, saa mbili kila siku, na siku zisibadilike. Heri siku moja isiyokosa kuliko nne za kubahatisha. Hawa ni watoto walioahidiwa mengi na watu waliohama. Ukiahirisha mara mbili bila taarifa, umejiunga na orodha hiyo.

Gharama ya kwanza ni sakafu, spika baadaye. Saruji tupu huchubua viwiko na magoti, na viganja vinavyobeba mwili mzima juu yake huuma mpaka kijana anaacha na kusema amechoka. Anza na maboksi makubwa yaliyokunjuliwa na kuunganishwa kwa selotepu pana, kama walivyofanya wenzetu wa Bronx. Baadaye tafuta kapeti la plastiki linalouzwa kwa mita. Uji uwe kabla ya mazoezi, usiwe zawadi ya mwisho, kwani mwenye njaa ndiye anayeanguka vibaya. Dakika 15 za mwanzo ni kupasha mwili: viganja, mabega, shingo, nyonga. Watakuambia wana haraka. Usiwaachie. Kuzunguka kwa kichwa, ambako wote watakutaka siku ya kwanza kwa sababu wamekuona kwenye simu, kupige marufuku kwa wadogo, na kwa wakubwa mpaka waweze kusimama kwa kichwa wametulia. Shingo haina vipuri. Waanze na hatua za kusimama, kisha hatua za miguu mikono ikiwa sakafuni, kisha kuganda, yaani kusimama ghafla katika umbo moja. Mtu anayeganda vizuri juu ya mapigo huonekana fundi hata kama hajui kitu kingine.

Chagua biti kulingana na kazi. Breki inataka mwendo wa mapigo 110 hadi 130 kwa dakika. Kuchana kunataka polepole, 85 hadi 100. Nimeona watoto wakivunjika moyo wakidhani hawajui kuchana, kumbe wamewekewa biti ya kuchezea.

Kwenye kuchana ndiko unakoweza kufanya mengi kwa hela kidogo, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo ninapopapenda. Usianze kwa kusema "andikeni maisha yenu". Hilo huwafunga midomo, au hutoa maneno ya kukopa kuhusu magari na bastola ambazo hawajawahi kuziona. Anza na umbo. Waliofika darasa la sita au la saba wanaikumbuka tarbia: mistari minne, mizani (silabi) nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho. Weka biti ya mapigo 90, waambie wagonge meza, kisha wape mshororo wowote. Mimi huanza na wangu:

Mwaloni nimeamka, samaki wanapimiwa,
tumbo langu lanicheka, leo nani atapewa?

Wao wamalizie beti. Hesabuni mizani kwa vidole, kwa sauti, na anayezidisha acheke mwenyewe. Asiyejua kusoma yuko sawa na wengine hapa, kwa kuwa mizani huhesabiwa kwa sikio. Wakishazoea kufungwa, wafungue: ruhusu mstari uwe mrefu, kina kihame, pumzi ikatwe katikati. Hapo ndipo tarbia inapogeuka kuwa veso, yaani ubeti wa kuchana. Veso ya mistari 16 kwa mwendo ule ule wa 90 huchukua sekunde 43 hivi. Kijana akishajua ana sekunde 43 tu za kusikilizwa, huanza kufuta maneno yasiyo na kazi, na hilo ni somo la kuandika ambalo shule ilimnyima. Nimekuwa na mvulana aliyekataa kabisa darasa la kusoma kwa miezi mitano, kisha akaja kuomba afundishwe herufi kwa sababu mwenzake alikuwa akimwibia mistari, naye hakuwa na namna ya kuithibitisha kuwa yake.

Mistari hiyo, dada, wakati mwingine huwa taarifa. Binti wa miaka 14 akichana kuhusu mjomba anayeingia chumbani usiku, usipige makofi ukaita anayefuata. Usimhoji mbele ya watu pia. Mkimaliza kaa naye pembeni, msikilize, na usimwahidi siri, kwa maana huwezi kuitunza. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, yeyote chini ya miaka 18 ni mtoto, na jambo hilo linamhusu afisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Namba 116 ya kusaidia watoto ni bure kupiga. Jitambulishe kwa maafisa hawa sasa, kabla hujawahitaji. Saa ya dharura si saa ya kuanza kuuliza ofisi iko wapi.

Na studio. Kila kikundi hufika mahali kinataka kurekodi, na ni vema. Lakini prodyuza anayetaka binti aje peke yake saa tatu usiku "kuingiza sauti" hana kazi na muziki. Watu wazima wawili kila mara, mlango wazi, mchana.

Kosa nililowahi kuliona kwa macho yangu, na ambalo bado linaniuma: wageni walikuja kwenye kituo nilichokuwa nafundisha, na uongozi ukamwomba mvulana mmoja achane ile veso ya kifo cha mama yake, kwa kuwa ilikuwa imewaliza wageni wa awali. Akachana. Wakalia, wakapiga picha. Alipomaliza aliweka maiki chini kwa utaratibu kabisa, akatoka, hakurudi. Mimi nilikuwepo na sikusema kitu. Tangu siku hiyo kwangu veso ni mali ya aliyeiandika: yeye ndiye anayesema itasikika wapi, na akisema haitasikika tena, haitasikika. Video hali kadhalika. Mtoto aliyetoroka nyumbani anaweza kuwa anatafutwa na mtu mbaya, nawe unamtangaza mtandaoni na jina la kituo kifuani.

Wasichana hujataja idadi yao, na hilo limenipa jibu. Duara lililoanzishwa na wavulana huwafanya wasichana washangiliaji. Wape saa yao kwa wiki sita za mwanzo, na mwalimu wa kike hata kama anajua kidogo kuliko yule kijana wa spika. Mavazi wachague wao. Hijabu na suruali pana haziwazuii kucheza. Wakishakuwa na hatua zao, duara lichanganyike. Ukiwa na waliokatisha masomo kwa ujauzito, waambie wazi kwamba tangu Novemba 2021 serikali iliruhusu warudi shuleni. Nimekutana na mabinti wasiojua hilo. Kwa wadogo waliokosa kabisa darasa la kwanza kuna MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa waliokosa, na kwa wakubwa kuna vyuo vya ufundi vya VETA. Mazungumzo hayo yafanye ukiwa umekaa naye chini kwenye boksi, si jukwaani.

Usiwauzie umaarufu. Ndiyo, Sugu alitoka kwenye maiki akaingia bungeni mwaka 2010 na Profesa Jay mwaka 2015, na ndiyo, breki ilichezwa Olimpiki Paris mwaka 2024, Ami wa Japani na Phil Wizard wa Kanada wakachukua dhahabu. Lakini walioingia bungeni ni wa kuhesabu kwa vidole, na Los Angeles mwaka 2028 breki haimo. Mwambie kijana ukweli: pengine hili halitamlisha. Ila kuna kazi za jirani anazoweza kuzijaribu humo humo, kama kufunga vipaza sauti kwenye sherehe, kukata video, kuchora mabango ya maduka, kufundisha watoto wa shule binafsi. Waliotoka mikononi mwangu wakawa na kipato, wengi walikipata huko.

Mfadhili naye ana haki ya kuuliza. Mwambie kwamba tafiti zipo lakini ni changa. Mwaka 2002 Edgar Tyson, msomi wa ustawi wa jamii Marekani, alichapisha utafiti wa kutumia rapu katika tiba ya kikundi kwa vijana walio hatarini. Kikundi kilikuwa kidogo, na mwenyewe aliuita wa kuanzia tu. Usimwahidi mfadhili kwamba uhalifu Kitangiri utapungua kwa asilimia fulani. Mwahidi kuhesabu vitu unavyoviona: wangapi waliofika mara nane au zaidi katika miezi mitatu, wangapi walimfundisha mwenzao, wangapi walipelekwa zahanati, wangapi walirudi darasani na bado wapo baada ya muhula. Wanaoacha nao uwaandike, pamoja na sababu. Mfadhili anayechukizwa na orodha ya walioacha atakusumbua kwa mengine.

Mwenyekiti wa mtaa mpelekee ratiba kwa maandishi, na namba yako ya simu kwa ajili ya malalamiko ya kelele. Wakati wa adhana spika izimwe, kukiwa na msiba jirani msikutane. Mkifika siku ya kufanya onyesho la hadhara, mpitie afisa utamaduni wa halmashauri kwanza akueleze vibali. Kuhusu mikopo ya vijana ya halmashauri, watakushauri uikimbilie. Subiri. Ni mkopo, unarudishwa, na kikundi cha wiki sita hakijajua bado nani kati yao ni mwaminifu na hela.

Maboksi mazuri zaidi ni ya friji, ndiyo mapana. Wenye maduka ya vyombo vya umeme huyatupa au kuyauza kwa waokota makaratasi asubuhi na mapema, kwa hiyo nenda jioni ya kuamkia siku hiyo ukaongee na mlinzi. Mchukue na kijana wa spika, mkayabebe wote wawili.